Boti ya Mashine Mbili: Mwongozo Kamili wa Mzunguko wa Propela na Kunyoosha Mashine, kwa Sisi wa Ziwa Nyasa na Mtera

Wakuu habari za saa hizi. Hii ni kwa wenye boti za fiba za mwendo zenye mashine mbili au zaidi, iwe unabeba abiria kutoka Matema, iwe ya watalii, ya doria, au ni yako tu ya familia, na wale wa Bwawa la Mtera upande wa Iringa nao wamo. Nimeandika kirefu makusudi sababu hii mada watu wanaelekezana vipande vipande, huyu anakwambia badilisha propela, yule anakwambia pandisha mashine juu, mwisho unatumia hela nyingi na boti bado inavuta kulia.

Msimamo wangu ni huu na nitaurudia: propela inanunuliwa mwisho. Kwanza ujue mzunguko wa kila mashine, alafu zikae sehemu sawa kwenye tezi (nyuma ya boti), kimo sawa, zinyooke, trimu (pembe ya mashine kuinuka au kuinama) zilingane, hapo ndo uanze kuongelea propela. Mashine mbili zisizonyooka ni kama ng'ombe wawili wa plau kila mmoja anavuta na njia yake, hata uwalishe vipi shamba halilimiki. Propela mpya juu ya mashine iliyopinda inakuficha tatizo tu, siku mbili tatu unaona nafuu, ukipakia mzigo linarudi lile lile.

Mzunguko, anzia hapa

Simama nyuma ya boti uangalie mbele, yaani wewe upo tezi unatazama omo, mbele ya boti. Ukiweka gia ya mbele na propela ikazunguka kama mshale wa saa, hiyo ni ya kulia. Ikizunguka kinyume cha saa ni ya kushoto. Kulia na kushoto kote kwenye huu mwongozo ni kwa kutazama hivyo, usije ukageuka ukatazama nyuma ukachanganya kila kitu.

Kama propela ipo mkononi na hujui ni ya upande gani, ilaze mezani, tundu liangalie juu, alafu chagua jani moja uligeuze likuelekee wewe. Jani likipanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, hiyo ni ya kulia. Likipanda kutoka chini kulia kwenda juu kushoto, ni ya kushoto. Haijalishi umeilaza upande gani juu, jibu ni lile lile. Na za kushoto mara nyingi zimegongwa herufi L pembeni ya namba za saizi.

Mpangilio wa kawaida wa mashine mbili: mashine ya kulia inabeba propela ya kulia, ya kushoto inabeba ya kushoto. Ukitazama kwa nyuma, majani ya juu yanafunguka kwenda nje, kila moja upande wake. Kuna sababu mbili za kufanya hivyo na zote ni za msingi.

Ya kwanza ni kwamba propela ikizunguka kulia, inajaribu kuzungusha boti nzima kinyume chake, kwa hiyo boti inalalia kushoto kidogo na stelingi inakuvuta. Ukiwa na mbili zinazopingana, nguvu hizo zinauana, boti inakaa wima na usukani unakuwa mwepesi. Ya pili utaiona gatini. Propela haisukumi nyuma tu, inakanyaga pia kwa pembeni. Ya kulia ikiwa gia ya mbele inapeleka tezi kulia, ikiwa rivasi inapeleka tezi kushoto, na ya kushoto ni kinyume chake. Sasa wewe unataka kugeuza omo kulia pale pale ulipo: unaweka mashine ya kushoto mbele, ya kulia rivasi. Kwa mpangilio wa kufunguka nje, mashine zote mbili zinakanyaga tezi kwenda kushoto, kwa hiyo zinakusaidia kugeuka. Boti inazunguka kwenye nafasi yake bila hata kugusa usukani.

Ukizibadilisha zifunge ndani, yaani ya kulia ukaiweka kushoto na ya kushoto ukaiweka kulia, ule mkanyago unakupinga. Kwenye mwendo mkubwa mambo ni tofauti. Wenye boti za mashindano, hasa zile za matumbo mawili, wengi wanazifunga ndani sababu mara nyingi inainua tezi na kuongeza mwendo juu kabisa. Lakini kwenye boti ya kawaida ya tumbo la V unalipia, gatini inakuwa nzito na kwenye spidi inaweza kuanza kuyumba kulia kushoto, kulia kushoto, ambayo ni hatari kweli ukiwa na watu. Kwa boti ya abiria ziwani kwetu mi nasema ziache zifunguke nje na tusibishane.

Mashine tatu: kawaida ya kati na ya kulia zinakuwa za kulia, ya kushoto ndo ya kushoto.

Usipindue gia ili upate mzunguko

Hapa naomba msome taratibu. Kuna mtu atakwambia, mashine yako ni ya kulia, we funga propela ya kushoto, geuza kebo ya gia, rivasi iwe ndo mbele. Inaendesha, ni kweli. Lakini giaboksi ya kawaida imetengenezwa ili msukumo wa boti nzima ubebwe na beringi ya upande wa gia ya mbele. Gia ya rivasi ni ya kurudi nyuma taratibu gatini, haijajengwa kusukuma boti masaa. Utaila giaboksi, na giaboksi ndo kitu ghali kuliko vyote huko chini.

Mashine ya kushoto ya kweli inanunuliwa ikiwa ya kushoto kutoka kiwandani, ndani imepangwa tofauti. Kwa Yamaha utaona herufi L mbele ya namba, mfano LF150 badala ya F150. Zipo zinazoruhusu pande zote mbili: Suzuki kwenye baadhi ya mashine zake kubwa unachagua mzunguko, na kwa wenye mashine za ndani, draivu ya Bravo One ya MerCruiser inageuzwa kwa mpangilio wa kebo ya gia. Kama kitabu cha mashine yako hakisemi hivyo, chukulia hairuhusiwi.

Sasa ukweli wa huku kwetu: boti nyingi zina Enduro (za Yamaha) mbili za farasi 40 au za 60, na saizi hizo kwa kawaida hazina toleo la kushoto, toleo la kushoto linaanza kupatikana kwenye nguvu ya farasi 100 na kitu kwenda juu. Kwa hiyo una mashine mbili zote za kulia. Usijali, inaendesheka vizuri tu, ila ujue tabia yake. Rivasi zote mbili zitapeleka tezi kushoto, kwa hiyo ukipanga kufunga gatini funga kwa ubavu wa kushoto, boti yenyewe itakusogezea tezi ukirudisha nyuma. Na mvuto wa usukani unautibu kwa kile kipezi kidogo chini ya kavitesheni pleti (lile bapa la mashine lililo juu ya propela), nyuma ya propela kwa juu, nitakifikia.

Kupima kwenye tezi

Boti iwe nchi kavu, imekaa kwenye magogo imara, funguo zimetolewa na waya za plagi zimechomolewa. Hili la waya halina mjadala, propela inakata mkono.

Tafuta katikati ya tezi kwa kufuata mkuku (uti wa chini wa boti), sio kwa kupima upana wa juu peke yake, sababu boti zetu nyingi zinazojengwa kwa mkono upana wa juu haulingani kabisa. Weka alama kwenye mstari wa mkuku, uupandishe hadi juu ya ubao wa tezi. Kutoka hapo pima sawa kwenda kila upande mpaka katikati ya kila mashine. Alafu hakikisha kwa njia ya pili: chukua futi ndefu, funga ncha yake kwenye pete ya omo, pima mpaka katikati ya mashine ya kulia, kisha ya kushoto. Namba zikitofautiana tezi imejengwa upande, na hapo unajua kabisa utahitaji kuwekea kipande cha kusawazisha nyuma ya mabano ya mashine moja kabla hujaendelea.

Nafasi kati ya mashine na mashine, katikati kwa katikati, kwa mashine kubwa mara nyingi inaangukia kati ya inchi 26 na 29, yaani sentimita 66 hadi 74, kitabu chako ndo kitakupa namba kamili. Jaribu kwa mikono: geuza zote mwisho kulia, mwisho kushoto, zinyanyue zote, nyanyua moja na nyingine ikiwa chini, zisigusane popote.

Kimo

Hapa ndo wengi wanapotea, sababu wanatumia kipimo cha boti ya mashine moja. Mashine moja inakaa juu ya mkuku, sehemu ya chini kabisa. Mashine mbili zimekaa pembeni, na kwenye tumbo la V huko pembeni chini ya boti kumepanda. Kwa hiyo usipime kutoka kwenye mkuku. Chukua ubao mnyoofu au bomba la alumini la mita moja na nusu, liweke chini ya boti mbele ya mashine husika, likae limebana kwenye fiba na kutokeza nyuma, alafu angalia kavitesheni pleti iko wapi ukilinganisha na ule ubao.

Anza na pleti ikiwa usawa wa ubao au juu yake hadi milimita 25. Zote mbili ziwe sawa, tofauti ya hata sentimita moja inaonekana kwenye maji. Mashine ikiwa chini sana inaburuza, inarusha maji juu ya tezi na mwendo unapotea. Ikiwa juu sana propela inakula hewa ukikata kona, raundi zinaruka ghafla bila boti kwenda, na pampu inaweza kukosa maji. Ukiwa majini angalia mashine zote mbili zinakojoa (zinatema maji ya kupozea) kwa nguvu ile ile, moja ikikojoa kidogo usiendelee na majaribio.

Mashine kubwa zina matundu ya bolti yaliyopishana kama inchi robo tatu. Panda tundu moja, jaribu, usipande mawili kwa mara moja. Na kila tundu la zamani kwenye ubao wa tezi lizibwe na silikoni ya boti au epoksi, maji yakiingia kwenye mbao ya ndani tezi inaoza kimya kimya na siku moja mashine inaondoka nayo.

Kunyoosha

Mashine mbili zinaunganishwa na taibaa, ile fimbo ya chuma yenye nyuzi za kurefusha na kufupisha. Hiyo ndo inaamua kama zinatazama mbele kwa usawa.

Weka usukani katikati, trimu iwe ya kukimbia, sio mashine zimening'inia. Vua propela. Pima umbali kati ya ncha za shafti mbili za propela, alafu pima kati ya pua za giaboksi kule mbele, urefu uo huo kutoka chini. Namba mbili zikilingana, mashine ziko sambamba. Za mbele zikiwa ndogo, pua zimekaribiana. Za mbele zikiwa kubwa, pua zimeachana.

Anza sambamba. Kabisa. Usianze na kile ulichosikia kwa boti ya mwenzio sababu tumbo lake sio lako. Ukishajaribu majini ndo unabadilisha, na kila badiliko lisizidi milimita 3 kwenye kipimo cha mbele, unajaribu tena, unaandika. Kwenye tumbo la V wengi wanaishia pua zikiwa zimekaribiana kidogo, sababu maji yanayotoka chini ya V hayatoki moja kwa moja nyuma, yanafunguka kwenda pembeni. Unajua umepata pale ambapo usukani ni mwepesi, raundi za zote mbili ziko juu zaidi kwa mkono ule ule wa resi, na mwendo kwenye GPS umeongezeka. Ukipitiliza, usukani unakuwa mgumu na mashine moja inaanza kula hewa kwenye kona.

Kabla hujalaumu taibaa shika mashine moja kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza na nyingine haichezi, kuna bushi au jointi imekufa, na kipimo chochote utakachoweka kitabadilika boti ikianza kukimbia. Wenye stelingi ya haidroli toeni hewa kwanza, usukani usiwe na sehemu laini unayozungusha na mashine hazijibu.

Trimu

Laza ubao mnyoofu juu ya kavitesheni pleti zote mbili, ukiwa umezitrimu sawa kwa macho. Ubao ukikaa bila kucheza, sawa. Ukicheza, moja iko juu. Kwa Enduro zenye pini, angalia pini zote mbili ziko tundu lenye namba ile ile, nimeona boti inahangaishwa mwezi mzima kumbe pini ya kushoto iko tundu la tatu na ya kulia tundu la pili. Kwa zenye trimu ya umeme, geji mbili zinaweza kudanganya, kwa hiyo weka sawa kwa ubao alafu ndo urekebishe geji zisome sawa.

Sasa kile kipezi. Kimbiza boti kwa mwendo wako wa kawaida, trimu ya kawaida, uachie usukani kidogo kwa uangalifu. Ikivuta kulia, legeza bolti ya kipezi ukakisukuma nyuma yake kuelekea kulia. Ikivuta kushoto, nyuma yake kushoto. Kidogo kidogo. Kwa mashine mbili zote za kulia, vipezi vyote viende upande mmoja na pembe moja. Kwa zile zinazopingana, viache katikati. Mara nyingi kipezi hicho ndo zinki ya kulinda chuma, kwa hiyo usikipake rangi, na kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi) kama ya kwetu zinki inajifunika na kuacha kufanya kazi, inayofaa ni ya magnesiamu.

Majaribio majini, na hapo sasa propela

Nenda asubuhi mapema ziwa likiwa limetulia, hasa kuanzia Mei mpaka Agosti kusi ikivuma, mchana hupati namba za kuaminika. Kaa mbali na nyavu. Pakia boti kama inavyobeba siku zote, mafuta, watu wenye jaketi okozi, au weka magunia ya mchele wa Kyela yenye uzito sawa na abiria wako. Boti tupu inadanganya. Waya wa kuzimia mashine uwe umefungwa kwa dereva muda wote.

Kimbia resi mwisho kwenda, alafu rudi njia ile ile, chukua wastani wa mwendo. Andika raundi za kila mashine. Zikipishana zaidi ya kama 100, kwanza hakikisha kebo za resi zinafungua mpaka mwisho pande zote mbili. Zikifungua sawa na propela zako zote ni za kulia, badilishana: ya kushoto ipeleke kulia, ya kulia ilete kushoto. Udhaifu ukihama na propela, tatizo ni propela, pengine imepinda jani. Udhaifu ukibaki pale pale, tatizo ni mashine. Kwenye zinazopingana huwezi kubadilishana hivyo, itabidi uazime propela ya upande ule ule.

Hesabu ya pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja): raundi za mashine gawa kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi ya inchi, zidisha kwa 0.001524, unapata kilomita kwa saa za kinadharia. Mashine inazunguka 5000, gia 2 kwa 1, pichi 13, inakuja kama kilomita 49.5. GPS ikikusomea 42, umepoteza asilimia 15 kwenye maji, hiyo ni ya kawaida kwa boti ya mzigo. Ukipoteza 30 rudi kwenye kimo na kunyoosha, usiende dukani.

Na kuna suala la mwinuko ambalo wauzaji wa Dar hawakwambii. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kama asilimia 3 kwa kila mita 300 za kwenda juu. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya bahari, Mtera karibu 700, kwa hiyo mashine iliyofungwa na kupimwa Dar ikifika kwetu imeshapungua kama asilimia 5, na Mtera 7. Inashindwa kufika raundi za kitabu na watu wanasema mashine mbovu. Shusha pichi inchi moja, raundi zinapanda kama 150 hadi 200, na zote mbili zishushwe pamoja. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi akikujaribia mashine kwenye pipa Mbeya mjini, mita 1,700 juu, asikupe hukumu ya nguvu, pale anapima kuwaka na kukojoa tu.

Ukifunga propela, paka grisi kwenye meno ya shafti, washa (ile pete bapa) ya msukumo ikae upande wake sahihi, nati kwa nguvu ya kitabu, kotapini mpya. Kabla ya kufunga angalia nyuma kama kuna uzi wa nyavu umejisokota kwenye shafti, unakata sili na maji yanaingia kwenye giaboksi. Oili ikitoka rangi ya maziwa, ndo hiyo.

Baada ya masaa kama kumi ya kazi rudia kukaza bolti za tezi na nati za taibaa, pima tena pua kwa pua na shafti kwa shafti, alafu piga alama ya rangi kwenye nyuzi za taibaa na kwenye kipezi, ili siku fundi mwingine akigusa ujue imesogezwa kiasi gani.